Valens Aliyetaka Kuumwa Kichwa

Mwaka wa 1991, magereji yote ya Gikondo yalijua kwamba pombe ya Mukamana haisifiwi kabla ya Valens. Mukamana, mwenye kabare, yaani kilabu cha pombe, akishaionja kuonyesha haina sumu, mrija wa kwanza ulikuwa wa Valens, fundi mkuu, ili aamue kama moshi wa shimo la kuivishia ndizi umezidi au umetosha. Miaka tisa. Hata tumbo lake lilikuwa limezoea cheo.

Kisha ikaja ile ajali ya pikipiki. Valens akiendesha, Évode, mnyoosha bodi wa gereji yake, akiwa nyuma, wakateleza mteremkoni. Valens akavunjika mguu. Évode akajigonga kisogo, akakaa siku mbili hajui jina lake. Ungedhani aliyevunjika mfupa ndiye wa kupewa pole. Wapi. Mfupa ukaunga, ukasahaulika. Kichwa cha Évode kikatafutwa na daktari.

Huyo alikuwa Dokta Kaliza, aliyechunguza jinsi pigo la kichwa linavyoharibu ubongo. Kila Jumanne alimwita Évode hospitalini, akamchoresha saa, akamnusisha vikopo, akaandika. Évode alirudi akitembea polepole kama mbeba mayai.

"Kichwa changu iko kwenye kitabu," alisema.

Kabare nzima ikamsogezea kiti. Mrija wa kwanza ukahamia kwake.

Wivu ulimkaa Valens kooni kama mwiba wa samaki. "Tulianguka pamoja," alimwambia mkewe, Pudentienne. "Kwa nini yeye ndiye mgonjwa?"

"Baba Belyse, sasa unalilia ugonjwa?"

Aliulilia kweli. Jumanne moja akachechemea hadi kwa Dokta Kaliza, akadai kwamba tangu ajali hasikii harufu yoyote, hata ya petroli. Dokta akamfunga kitambaa machoni, akamletea vikopo viwili viwili: kimoja kahawa, kingine maji. Kahawa ni ipi? Valens, mjanja wa Gikondo, alinusa kahawa vizuri kabisa, kisha akachagua maji. Mara ishirini.

"Umekosa zote," dokta akasema, akimfungua.

"Unaona, Dokta. Andika."

"Muzee, aliyepoteza harufu kweli anabahatisha. Anapata kumi, kumi na moja. Ili ukose zote ishirini, lazima uwe na pua nzuri kuliko yangu."

Anayesimulia haya aliishia darasa la tano, na hata yeye asingenaswa hapo.

Valens akajikuna shingo. "Hao wa kumi na moja, pua zao zimezibwa na nini?"

"Hazijazibwa. Ubongo ukitikisika ndani ya fuvu, nyuzi za harufu zinazopita kwenye vitundu vya mfupa, hapa juu ya pua, hukatika."

Hilo fundi alilielewa mara moja: bodi imenyooka, waya zimekatika ndani.

"Haziungwi?"

"Mara nyingi, hapana."

Jioni ile kabareni, Évode akavuta mrija, akafumba macho kama padri. "Moshi umetosha," akatangaza. "Nzuri."

Mrija ukafika kwa Valens. Akavuta. Moshi mtupu, kama amelamba dari la jiko. Mukamana, aliyeionja mwenyewe, alikuwa akipangusa meza kwa bidii isiyo ya kawaida. Valens akainua macho, akamkuta Évode anamkazia uso bila kupepesa, kama mtu anayesubiri kusomewa barua yake. Kumbe waya zake ndizo zilizokatika; wiki zote hizi jamaa alikuwa anaonja kwa nyuso za wenzake, akianza na wa Mukamana.

Neno moja tu, na cheo kingerudi nyumbani. Valens alikuwa nalo ulimini. Wivu ukamsukuma mgongoni: sema, bwana, sema.

"Shefu," Évode akauliza kwa sauti ndogo, "si nzuri?"

Miaka miwili ya kufanya kazi chini yake, Évode hakuwahi kumwita hivyo, mkuu.

"Nzuri," Valens akasema.

Évode akashusha mabega, akanyoosha mkono kudai mrija. Valens hakumpa. Akavuta tena ule moshi, taratibu, funda baada ya funda, usije ukafika kinywani mwa mwingine, meza nzima ikimngoja.