Vitesi Inapotea

Kosa langu la kwanza gereji lilikuwa neno moja. Dereva mmoja, Mkongo mwenzangu wa Kivu Kusini, alileta lori lake kwetu Mbarara, Uganda, akasema, "Vitesi inapotea ku mulima." Kwetu vitesi ni mbio, na ni gia pia. Bosi, Mnyankole, akaniuliza, "Mzee anasema nini, ssebo, bwana?" Nikajibu upesi kwamba lori linakosa mbio mlimani. Ufundi nilijifunza mwenyewe kwa video za simu, huko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na nilichoogopa kuliko yote ni kuonekana nasitasita.

Bosi akabadilisha chujio la dizeli, lori likaondoka. Nilipokuwa nanawa mikono, neno lile likanirudia. Mbio, au gia? Namba ya dereva nilikuwa nayo. Sikupiga. Niliona aibu.

Siku ya tatu alirudi, taa za nyuma zimevunjika, udongo umegandamana kwenye bampa. Akipanda kilima cha Masha, amebeba mahindi kutoka Juru, gia ilijitoa yenyewe. Kwenye dashibodi ikasomeka N, yaani hakuna gia, lori likaanza kurudi nyuma. Akakata usukani, lori likagonga ukingo wa barabara kwa nyuma, likasimama.

"Weye mudogo! Nilisema vitesi, sikusema mbio! Bamama ba baiskeli balikuwa nyuma yangu. Balitupa baiskeli, bakakimbia!"

"Nyinyi Bakongo," bosi akasema, "neno moja munapakia mizigo mbili." Hakuna aliyecheka.

Nikaunganisha kompyuta ya kupimia. Lori likiwa limesimama, gia zote ziliingia bila kosa, na hilo ndilo lililonitisha: lilionekana zima, kumbe linasubiri mlima. Kompyuta ilihifadhi hitilafu moja tu, kwamba umeme wa giaboksi ulikatika. Wapi, haikusema.

Tukarudi kwenye kilima kile na mzigo uleule. Bosi alibaki chini ya kilima akizuia watu wasitufuate. Dereva aliendesha, mimi kando yake na kompyuta magotini. Katikati ya mlima umeme ukaanza kushuka: volti ishirini na nne, kumi na tisa, kumi na moja.

"Breki, papa! Sasa!"

Dereva alikanyaga kabla N haijatokea. Tukaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikaingia chini ya lori. Injini ilipovuta mzigo ilikuwa inainama kidogo, na waya wa giaboksi ulivutwa kwenye ncha ya chuma hadi ngozi yake ikaisha. Shaba ilikuwa imebaki nyuzi chache. Nilizigusa, mbili zikakatika kidoleni.

Tulibadilisha kipande kile, tukakifunga mbali na chuma. Lori lilipanda kilima mara tatu. Mara zote tatu sikutazama barabara, nilitazama namba.

Siku hizi dereva akitaja vitesi, namwomba aweke mkono kwenye leva ya gia anionyeshe kinachopotea. Lori lenye shida ya gia silitoi gereji kabla halijapanda mlima na mzigo. Na shaka ikinijia baada ya lori kuondoka, napiga simu.