Kuishi kwa Utafiti

Fedha za kuchunguza jinsi Waha wanavyoishi na ardhi yao bila kuichosha zilifika Kasulu wakati Waha wenyewe walikuwa wameshahamishwa kutoka kwenye ardhi hiyo. Hakuna aliyekosea. Ombi la fedha liliandikwa mapema, operesheni ya kuhamia vijijini ikaja baadaye, na mambo haya mawili hayakuwa na haja ya kufahamiana.

Katika miaka ile ya sabini nilikuwa nimetoka chuo kikuu Dar es Salaam na sifa moja ya maana: nimezaliwa Murungu, upande wa Kibondo, kwa hiyo najua Kiha. Sifa yangu nyingine, ya kuhoji kila kitu hadi wenzangu bwenini wakawa wanajifanya wamelala, haikutajwa kwenye mkataba. Kazi niliyopewa na chuo ilikuwa kukaa Nyakitonto, huko Kasulu, na kueleza kwa nini migomba inayozunguka nyumba za Waha hustawi miaka nenda miaka rudi bila mbolea ya dukani. Wafadhili, watu wa Ulaya, walitaka sana kuamini kwamba kuna siri.

Nilikuta nyumba zimepangwa kando ya barabara kama wanafunzi kwenye gwaride. Migomba ilikuwa imebaki juu mlimani peke yake, magugu yameizonga, na katikati ya kila shamba palikuwa na kifusi cha udongo mahali iliposimama nyumba. Mtu pekee niliyemkuta huko juu ni bibi mmoja mjane, akikata majani makavu huku akimgombeza mtu ambaye hakuwapo. Katibu Kata alikuwa ameshamteremsha zaidi ya mara moja, na kila mara alipanda tena. Hakuwa na hoja yoyote ya siasa. Alitaka kulala karibu na kaburi la mumewe, basi.

Nikaenda ofisini kwa Katibu Kata.

"Ndugu Katibu, nahitaji kaya moja inayoishi ndani ya migomba. Bila hiyo sina cha kutafiti."

"Kuishi kule ni marufuku, ndugu msomi."

"Yule bibi hataishi kwa kupenda. Ataishi kwa utafiti."

Akafikiri, akigongagonga kalamu mezani. "Kwa utafiti anaweza," alisema. "Kwa kupenda haiwezekani. Lakini utafiti ukiisha, anashuka siku hiyohiyo."

Nyumba ya bibi ikajengwa upya, na nyasi za kuezekea zikaingia kwenye hesabu zetu kama vifaa vya maabara. Bibi akahamia na mbuzi wake. Mimi nikaanza kutafuta siri.

"Bibi, kwa nini majivu unayamwaga kwenye migomba?"

"Kwenu mlikuwa mkiyala?"

"Na maganda ya maharage?"

"Mgomba uko mlangoni, mjukuu wangu. Niyapeleke Kibondo?"

Huko barabarani habari zilienea kwamba kuna njia halali ya kurudi nyumbani. Jioni moja mzee mmoja alinizuia njiani, mkewe akiwa nyuma yake na mzigo wa kuni.

"Mwalimu, nitafiti na mimi. Yule mama ana nini cha kutafitiwa? Migomba yangu ndiyo migomba!"

"Migomba yako!" mkewe akadakia. "Uliipalilia lini? Mwalimu, huyu ndizi zake zote huzinywa; ukimtafiti utakuta rubisi tupu."

Nikawaambia fungu la fedha linatosha kaya moja tu. Mzee akauliza kama basi anaweza kutafitiwa bure.

Kisha mfadhili akaja kujionea, bwana mrefu, mpole, mwenye viatu vya kupandia milima. Aliketi kwenye kigoda uani kwa bibi, akauliza kwa Kiingereza, nami nikatafsiri.

"Anauliza wazee walikufundisha nini kuhusu kuitunza ardhi."

"Mwambie mama mkwe wangu alikuwa mkali. Ukiacha taka uani, unapigwa."

Nikamwambia mgeni kwamba jamii hii ilikuwa na kanuni kali za kurudisha taka kwenye udongo. Akafumba macho kwa furaha. Akaonjeshwa rubisi, akayafumba tena. Wakati wa kuagana alisema awamu ya kwanza inakwisha na sasa anataka hitimisho, ili njia ya bibi ipelekwe katika vijiji vyote.

Hitimisho nilikuwa nalo, na halikuhitaji digrii. Migomba ilistawi kwa sababu ilikuwa karibu na jiko. Mtu anatoka na ungo wa majivu, anamwaga, anarudi kuangalia chungu. Mhamishie nyumba barabarani, umwachie shamba mlimani, hatapanda kilima na majivu kichwani hata umhutubie mchana kutwa. Hapakuwa na siri ya kupeleka vijijini. Vijiji ndivyo vilivyoimaliza. Lakini taarifa yangu ingepita kwanza mikononi mwa Katibu Kata, na mimi nilipenda kuhoji mambo, ila si nikiwa mahabusu.

Hata ningekuwa shujaa, bibi angeshuka. Nikisema njia yake inafaa, utafiti umeisha. Nikisema haifai, umeisha vilevile. Nikapanda kumweleza. Alikuwa anamenya ndizi, na hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo ukishajua, mimi nashuka?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi usijue."

"Bibi, kazi yangu ni kujua."

"Umesoma mpaka chuo kikuu, kutojua tu kunakushinda? Mbona wale wa ofisini wanaweza wote?"

Nikaandika kurasa nyingi za vipimo vya udongo, na mwishoni nikaweka maneno ambayo chuoni niliyacheka kila nilipoyakuta: utafiti zaidi unahitajika. Sijaandika tena sentensi iliyopendwa kiasi hicho. Chuo kiliipenda kwa sababu ilileta fedha nyingine, wafadhili kwa sababu siri ilibaki kuwa siri, na Katibu Kata kwa sababu haikumtaja mtu.

Awamu ya pili ilipoanza nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha Kibondo. Aliyeshika nafasi yangu alikuwa kijana wa chuoni, mwepesi wa maneno, asiyejua Kiha. Tukiwa tunapanda mlima nikamtambulishe kwa bibi, aliniambia anashangaa jambo dogo kama hili kukosa jibu hadi leo. Yeye litamchukua msimu mmoja. Nilitamani ateleze.

Bibi alimpima kwa macho, akaniuliza kwa Kiha, "Huyu ana akili?"

"Nyingi," nikamjibu.

Akasonya. Kijana hakungoja hata kuketi.

"Bibi, kwa nini maharage mnayapanda humu kivulini, chini ya migomba?"

Bibi aliyatazama maharage, akaitazama migomba, akashusha pumzi kama profesa.

"Hapo ndipo penye ugumu, mjukuu wangu," alisema kwa Kiswahili chake cha kuvutavuta. "Itabidi ukae."