Mama Bibiane na Bonde la Chini ya Kambi

Siku Vital alipomwona Mama Bibiane kwa mara ya kwanza, alidhani ni mtu aliyerukwa na akili. Ilikuwa asubuhi, mwaka wa 2003, na masasi ya bunduki yalikuwa yamelia upande wa soko la Bunia hadi kunakucha. Watu wa kambi iliyo karibu na uwanja wa ndege walikuwa wamejikunyata chini ya mabashi yao ya turubai, hakuna aliyethubutu kutoka. Yeye peke yake, mama mnene, alikuwa ameketi kule bondeni katika nyasi zenye umande, miguu mitupu, kambi ameipa mgongo, anatafuna muhogo wa kuchoma kana kwamba yuko arusini.

Vital alikuwa seremala wa mjini. Mti aliujua ukiwa ubao. Nyumba yake ilichomwa mwezi wa tano, na tangu hapo mkewe, Clémence, hakusema neno. Alikaa ndani ya hema akitazama bashi. Chakula alikionja tu, usingizi ulimpita kando. Muuguzi alimpa vidonge, vikaisha, hali ikabaki ile ile. Vital aliona mkewe anaondoka huku amekaa palepale, asijue amshike wapi.

Kumbe yule mama alikuwa jirani. Alitoka vilima vya Djugu, alikolima viazi na maharagwe. Vita vilimchukulia mume na ng'ombe, mdomo vikamwachia. Alitania hata askari wa mlangoni. Siku moja aliingia bila hodi, akamtazama Clémence, kisha akamgeukia Vital.

“Papa Vital, huyu muke unamuweka mu kivuli sawa bitunguu?”

“Ule muganga wa vidonge alisema apumuzike.”

“Apumuzike na hii harufu ya bashi? Siye kwetu, mutu akifiwa, hatumufungi mu nyumba. Tunamutoa ku shamba mbele ya umande kukauka, tunamukalisha, hakuna mutu anamuongelesha. Mupaka mwili ukumbuke kama iko mwili.”

Vital hakuwa mtu wa kubishana. Kesho yake mama yule akamshika Clémence mkono, wakashuka bondeni.

Vital alibaki juu, akiwachungulia. Wapiganaji walikuwa wakipita bonde lile. Mwanamke mmoja alikwenda huko kutafuta kuni, hakurudi. Hakujua kipi kingemwua mkewe kwanza, hema au bonde.

Clémence alirudi na nyasi kwenye kitenge, akamaliza sahani ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akalala fofofo. Siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo. Vital alizidi kuchanganyikiwa. Alikuwa amechungulia vizuri: hakuna mzizi, hakuna maombi, hakuna wa kumgusa. Wamekaa tu. Sasa dawa iko wapi? Akawaza, akawazua, akaamua lazima iko katika majani.

Basi ikavuma habari kwamba wapiganaji wako karibu, na kushuka bondeni kukawa hatari. Vital akachukua panga, akakata nyasi pembezoni mwa kambi na matawi ya mkaratusi, akang'oa hata bonge la udongo na majani yake. Akavijaza vyote ndani ya hema, akamkalisha mkewe katikati. Siafu wakatoka kwenye bonge. Clémence akapiga chafya, akajikuna, akageukia ukuta wa bashi.

Mama Bibiane alipochungulia, alicheka hadi akashika mlingoti.

“Ee, Papa Vital! Unaleta pori mu nyumba? Basi lete na jua! Lete na upepo, ukamate na ndege mbili!”

“Naogopa, Mama. Kule iko masasi.”

Akaacha kucheka. “Na hapa iko nini?”

Vital alimtazama mkewe, akamtoa siafu begani.

“Uniambie basi,” alisema kwa sauti ya chini. “Ile dawa iko mu majani, ao mu udongo?”

“Sijue. Hata mama yangu hakujua. Weye unajua sababu gani usingizi unapumuzisha mutu?”

Kesho yake wanawake wakashuka tena, na Vital hakuwazuia. Jua halijapanda, masasi yakalia bondeni. Watu walikimbilia juu. Yeye, bila kujua miguu inampeleka wapi, akakimbilia chini. Aliwakuta wamelala kifudifudi nyasini, wazima. Milio ikapita, ikafifia. Ndipo Clémence alipoanza kulia kwa sauti, vidole vimezama udongoni. “Nyumba yetu,” alisema. “Vital, nyumba yetu.”

Alilia njia nzima ya kurudi kambini, alilia hadi mchana. Vital hakuelewa. Mke aliyekuwa bubu sasa anaomboleza kambi nzima isikie: amepona, au ameharibika kabisa? Akatoka kumwuliza Mama Bibiane, akakuta hema lake limefunguliwa, mizigo haipo. Majirani wakasema kaka yake mama huyo amempatia nafasi katika lori la kwenda Beni.

Alimfikia lori likiwa limeshawashwa, mama amekaa juu ya magunia.

“Mama, iko analia! Hanyamazi! Kesho nani atamupeleka? Miye sijue hii kazi yako!”

Lori likaanza kusogea. Mama Bibiane akainama, akapaza sauti ili ishinde mngurumo:

“Umupeleke weye! Hauna maneno mingi, Papa Vital, ndio maana utaweza. Umukalishe, ukae karibu, umuache alie!”