Amina ya Mama Mdogo

Mama yangu ni Mkatoliki wa rozari shingoni, na ananena kwa lugha. Hilo liliwashinda watu wengi kule kwetu Itumbe. Kikundi chake cha Karismatiki kilikuwa na Wakatoliki, Walutheri wawili, hata Msabato mmoja aliyekuja kuchungulia akanogewa. Mdogo wake wa ziwa moja, mama mdogo wangu, ni Mpentekoste, na ndiye aliyeongoza kwaya ya kanisa lake. Huko walifundishwa kwamba ndimi za mwenye rozari zimetoka kwingine, si kwa Mungu, na atakayesema amina kwenye maombi hayo atanyang'anywa huduma. Upuuzi mtupu! Nilisema hivyo hadharani, mama akanikanya.

Hata hivyo walichuma chai pamoja. Tuna egesangio, yaani akina mama huzunguka shamba kwa shamba wakisaidiana, na mwenye shamba ndiye anayefungua kazi kwa maombi. Kila zamu ya mama ilipofika, mama mdogo alisimama kando kwenye migomba, kapu mgongoni, mpaka tumalize. Halafu aliingia mstarini na kutuchekesha kama kawaida. Mara nyingine nilitamani kumrushia tope.

Kisha rovu la mama, ule uvimbe wake wa shingoni, likazidi. Daktari mjini Kisii akasema lazima apasuliwe, na huenda sauti isirudi. Zamu yake ya egesangio ikaangukia siku moja kabla ya kulazwa. Asubuhi hiyo, tukiwa jikoni, akaniambia, "Mimi sijaomba muujiza. Nataka mdogo wangu aniombee nikiwa bado na sauti ya kumjibu."

Shambani alianza kuomba kwa Kigusii, kisha lugha ile ikamjia, sauti imekwaruza. Nikatazama kwenye migomba. Mama mdogo alikuwa ametupa mgongo. Nikajisemea, basi, leo damu imekuwa nyepesi kuliko maji.

Mara sauti nyingine ikapanda. Lo! Mama mdogo alikuwa ananena, machozi yanamtiririka, anapenya katikati ya michai huku matawi yakimshika sketi. Sauti zao zikapokezana kama wasichana wanaosaga wimbi pamoja. Ungefumba macho usingejua ni yupi mwenye rozari. Mimi si mtu wa kuamini kila kitu, lakini pale Mungu alikuwepo, na niliogopa hata kukohoa.

Akamfikia mama, akamwekea viganja shingoni, juu ya rozari yenyewe. Akamwombea. Mama akaitikia kila neno.

Shemasi wa kanisa la mama mdogo, mwanamke mkali, alikuwa mstarini akishuhudia yote. Mama akamwona.

"Unaangaliwa, mdogo wangu," akanong'ona. "Na kwaya je?"

"Waimbaji ni wengi. Dada ninaye mmoja."

Kisha mama mdogo akamgeukia shemasi, akamtazama usoni, na akasema amina kwa sauti.