Nusu ya Medali ya Assuntina Esposito

Mchumba akija kwa binti wa Assuntina, swali la kwanza la mama mtu ni hili: "Una medali?" Majirani humcheka. Wacheke tu, hawakuwepo siku ile.

Sisi sote tuliolelewa na watawa pale Napoli ni akina Esposito. Mama anakuja ukutani kwa watawa, anamweka mtoto kwenye sanduku la kuzunguka linalomgeuzia ndani, anagonga kengele, huyoo! Ndani unaandikwa Esposito, yaani aliyewekwa nje. Ukilitaja jina hilo, kila mtu anajua ulikotoka.

Assuntina, shoga yangu wa kitanda cha pili, alikutwa na nusu ya medali ya Bikira Maria shingoni, imekatwa kwa mkasi. Akina mama walifanya hivyo ili wakirudi na nusu ya pili wamtambue mwana. Wake hakurudi.

Kila sikukuu ya Bikira Maria, mwezi Machi, makapera waliruhusiwa kuja kuoa. Tunapangwa mstari; anayekupenda anaangusha leso mbele yako, ukiiokota umekubali. Assuntina alikuwa amerukwa mara tano, na huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Akirukwa tena, atawafulia watawa nguo mpaka kaburini.

Leso ikaanguka! Mwenyewe fundi viatu, mpole, masikio makubwa. Assuntina aliidaka kabla haijatua.

"We, polepole, utaichana!" nikamtania.

Sista Benedetta akashika kalamu. "Jina?"

"Ciro Esposito, Sista. Niliwekwa hapahapa, mwaka ule wa theluji."

Assuntina akabadilika rangi. Naye aliwekwa mwaka ule wa theluji.

"Ulikutwa na alama?"

Ciro akafungua shati. Nusu medali! Bikira, kuanzia kiunoni hadi miguuni. Ya Assuntina ilikuwa kuanzia kichwani hadi kiunoni.

Mungu wangu! Daftari la mwaka ule lilikuwa limeliwa na panya, hapakuwa na pa kuuliza. Assuntina alinibana mkono hadi kucha zikazama.

"Titina," akaninong'oneza, "kama mama alizaa pacha akatugawia medali?"

"Nyamaza! Medali hizo zinauzwa kila kona." Nilikuwa najituliza na mimi.

Sista akaviweka vipande mezani, akavisogeza taratibu. Akakigeuza kimoja, akajaribu tena.

"Havikutani," akasema. "Hiki kimekatwa mshazari, hiki kimenyooka. Oaneni."

Ciro akapiga ishara ya msalaba, wasichana wakashangilia. Assuntina akajitupa kwenye benchi, akaangua kilio.

"Machozi ya nini tena, bibi harusi? Si umepona!"

Akakishika kipande chake. "Nilikuwa naomba visikutane, Titina. Nilikufa kwa hofu. Lakini vilipokaribiana, nikaomba vikutane. Ningekuwa na ndugu."

Nikamfuta machozi kwa leso ileile ya Ciro. Mimi sikuwekewa hata kipande.