Kolabo Iliyokosa Waitikiaji

Umeshawahi kuimba mbele ya uwanja mzima, ukafika pale watu wanapotakiwa kuitikia, ukasikia ng'ombe tu wanalia huko malishoni?

Mimi yalinikuta. Hapahapa Bariadi, msimu wa ngoma.

Naitwa Kabula, naimba upande wa Bagalu. Kwa msiotujua, ngoma zetu Wasukuma zina pande mbili, Bagalu na Bagika. Tunagombea watazamaji uwanja mmoja, na hatuchanganyiki hata kwa bahati mbaya.

Shemeji yangu Athanasi ndiye aliyefungua lebo. Studio ilikuwa chumba cha uani, kuta kazizungushia magunia ya pamba ili kelele za bodaboda zisiingie. Tulimcheka sana. Lakini wimbo wangu wa kwanza ukatoboa, ukapigwa kwenye harusi mpaka Malampaka. Akasaini wasanii wengine, akasimamisha na bango barabarani. Jamani, nilijiona staa!

Ndipo akaja na wazo lake.

"Shem, tunapiga kolabo. Wewe na Mayunga."

"Mayunga wa Bagika? Umedata?"

"Tukiwapata wa pande zote mbili, nani atatugusa?"

Athanasi alizaliwa hukuhuku, alijua pande hizi hazichanganyiki. Hata mimi nilijua. Ila wimbo ulikuwa mtamu kinoma.

Tukauzindua siku ya mashindano. Nikaanza, nikafika kwenye kiitikio.

Kimya.

Mzee Ngassa, manju wetu, kiongozi aliyenifundisha kuimba, akanigeuzia mgongo. Bagalu wote wakageuka. Upande wa pili Bagika nao wakamgeuzia Mayunga.

Kwetu, asiyeitikiwa si mwimbaji tena. Harusi zikakata. Wasanii wakamkimbia shemeji mmoja mmoja. Lile bango leo limeezeka banda la kuku.

Nikaenda kwa Mzee Ngassa kuomba msamaha. Angesema neno moja tu, kundi lingenipokea na lebo ingefufuka.

Kabla sijapiga hodi nikasikia redio yake ndogo. Sauti yangu. Ile kolabo!

Na Mzee anaitikia. Nikachungulia: yuko peke yake, kafumba macho, haachi hata kiitikio kimoja.

Machozi yakanitoka. Nikaingia, nikaudaka ubeti uliofuata kwa sauti yangu mwenyewe.

Akazima redio.

"Mwadila, baba," nikamsalimu.

"Mwadila." Akaniita kwa jina la baba yangu. "Wimbo mzuri huu, ng'wana Bujiku. Mzuri kuliko zote nilizokufundisha."

"Basi waambie wenzetu, baba."

"Siwezi. Na wewe hukunikuta nikiusikiliza."

Baadaye nikaja kujua kwamba wengi wanao kwenye simu zao. Bagalu wanao, Bagika wanao. Wanausikiliza ndani, milango imefungwa.

Shemeji amerudi shambani. Mimi napalilia pamba ya watu, na siimbi hata nikiwa jikoni kwangu.

Ndugu zangu, kuchukiwa kunavumilika. Kilichoniua mimi ni kupendwa na watu wanaoona aibu kunipenda hadharani. Kama kuna mtu unamkubali, muitikie angali anaimba.