Mikanda Miwili Kwenye Msumari Mmoja

Dada mmoja mtafiti alituletea mikanda ya kifuani kituoni kwetu Kasulu, tuijaribu mwezi mmoja. Unaifunga chini ya shati, nayo inapeleka mapigo ya moyo na joto la mwili kwenye kishikwambi cha afande. Kila mkanda ulikuwa na namba, na kila namba iliandikiwa jina la mtu wake. Kijani, endelea. Nyekundu, toka, umechoka kupita kiasi. Nilikuwa na miaka tisa kwenye zimamoto, nikajiuliza chombo kitanifundisha nini kuhusu uchovu wangu. Lakini nilivaa.

Mwenzangu wa zamu alikuwa mtu wa Kibondo, mpole, asiyependa kulalamika. Tulishika mpira mmoja wa maji, mimi mbele, yeye nyuma. Mchana mmoja karakana ya mbao ikashika moto tukiwa tunakula. Tukaacha ugali mezani, tukachomoa mikanda yetu kwenye msumari mmoja ilipotundikwa na kuifunga ndani ya gari likiwa mwendoni.

Tulikuwa ndani muda mrefu pale afande aliponiita kwenye redio nitoke, ninasoma nyekundu. Nikamjibu niko sawa. Akarudia kwa sauti isiyojibiwa. Nikatoka na hasira, maana miguu ilikuwa bado na nguvu. Mwenzangu alikuwa anasoma kijani, kwa hiyo akashika mbele, na mwingine akaingia nyuma yake.

Haukupita muda, mwenzangu akaletwa nje amebebwa. Tulimvua koti na mkanda, nami nikavua wangu uliokuwa unanibana, nikauangusha palepale, tukammwagia maji. Hospitali walisema ni joto na kuishiwa maji mwilini. Wakamlaza.

Jioni mtafiti aliniuliza nilikuwa nimevaa mkanda namba ngapi. Sikujua. Yote miwili ilikuwa imeokotwa na kutiwa kwenye ndoo moja, na kumbukumbu za dakika zile zilikuwa vipandevipande, maana mawasiliano yalikatikakatika tukiwa chini ya mabati.

Nikamuuliza kama tulibadilishana mikanda, nyekundu ile ikawa ya mwenzangu, nami nikatolewa badala yake.

“Inawezekana,” alisema. “Au mkanda wake ulilegea kwa jasho ukasoma vibaya, na wewe kweli ulikuwa umechoka. Sijui, kaka.”

Hapo nikakumbuka kwamba nilipokaa nje nilishindwa kufungua chupa ya maji. Vidole vilikataa. Sasa nguvu niliyoisikia miguuni ilikuwa ya nani?

Wiki iliyofuata nilikwenda Kibondo, alikokuwa akipumzika nyumbani kwake. Mkewe alitutengea maharage na ndizi, tukazungumza habari za mashamba. Kisha mwenzangu akaniuliza, “Siku ile ulikuwa umechoka?”

“Nilijiona sijachoka.”

“Hata mimi,” akasema.

Amekwisha rudi kazini, na mikanda imeondoka na mtafiti. Tukiwa ndani ya moshi namuuliza kama amechoka, naye ananiuliza. Tunajibiana hapana, kisha kila mmoja anabaki akisikiliza pumzi ya mwenzake.